Siku yangu Wartburg: nilivyopanda mwenyewe ngome aliyofichwa Luther

Watu wakisikia msichana kaenda kutembea peke yake mji asioujua swali la kwanza ni moja tu, hukuogopa? Nimeulizwa sana hilo swali tangu niende Wartburg, kwa hiyo nimeona niandike yote kwa pamoja, nilivyojipanga, nilichokikuta kule juu, na mambo niliyoondoka nayo ambayo kiukweli hakuna mtu aliwahi kuniambia, si shule ya Jumapili, si kipaimara, wala hawa ninaoishi nao huku.

Kwa asiyeijua, Wartburg ni ngome iko juu ya kilima, mji unaitwa Eisenach, jimbo la Thüringen, katikati ya Ujerumani. Ndo pale Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha Ulutheri, alipofichwa mwaka 1521 baada ya kugoma kukana maandishi yake mbele ya mfalme mkuu kule Worms, na ndo pale alipolitafsiri Agano Jipya kwenda Kijerumani. Mi nimekulia Machame, nimebatizwa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri la Tanzania, na wamisionari walioanzisha kazi kwetu mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, mji huuhuu ninaosomea uuguzi sasa hivi. Yaani hiyo ngome kwangu haikuwa sehemu ya kupiga picha tu, nimeisikia tangu sijajua kusoma.

Kwa nini peke yangu? Kwanza zamu za hospitali hazilingani, ukipata ofu wewe mwenzako yuko kazini. Lakini hata kama zingelingana, safari hii nilitaka kwenda mwenyewe. Ukienda na kundi kuna anayetaka kula, kuna anayetaka picha mia, kuna aliyechoka, na ukisimama mahali ukataka kusoma maelezo ya ukutani unavutwa mkono twende twende. Nilitaka nikifika kwenye kile chumba cha Luther nikae mpaka niridhike.

Sasa suala la woga. Wenzangu wawili watatu weusi wanaoishi huku miaka mingi waliniambia niangalie, Thüringen siyo sehemu ya kuzurura usiku. Na hawakuwa wanatunga, uchaguzi wa jimbo wa 2024 chama kinachopinga wahamiaji ndo kiliongoza, kilipata karibu theluthi ya kura. Nililichukulia kwa uzito. Nikaamua naenda siku ya kawaida ya kazi, naondoka alfajiri, narudi kabla ya giza, simu imejaa chaji na pawabenki juu, na rafiki mmoja anajua treni ninayopanda na ninayorudi nayo. Basi. Kuna watu walinitazama sana kwenye treni, hilo sitaficha, lakini hakuna aliyenisemesha vibaya. Ninachoweza kumwambia dada mwenzangu ni kwamba tahadhari na kujifungia ndani ni vitu viwili tofauti, panga safari yako vizuri alafu nenda.

Usafiri ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa na ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket, unapanda treni zote za mikoa bila kuongeza hela, ila usipande ICE maana zile za kasi haihusiki. Kutoka Leipzig kuna treni ya mkoa inapita Naumburg, Weimar, Erfurt, Gotha mpaka Eisenach, inachukua zaidi ya saa mbili, inasimamasimama kila mahali, nami sikujali kwa sababu nilikuwa na chai kwenye themosi na chapati na mayai ya kuchemsha. Beba chakula jamani. Kule juu kuna sehemu ya kula lakini bei zake ni za watalii, mwanafunzi ukikaa hapo unamaliza hela ya wiki.

Eisenach yenyewe ni mji mdogo mzuri. Johann Sebastian Bach alizaliwa hapo mwaka 1685 na akabatizwa kanisa la Georgenkirche lililopo sokoni, na kanisa hilohilo Luther alihubiri 1521 akiwa njiani kutoka Worms. Luther pia alisoma shule mjini hapo akiwa kijana. Nilipita tu kanisani nikakaa kidogo kisha nikaanza kupanda.

Kuna basi linakupeleka mpaka karibu na juu alafu unamalizia kwa miguu, wenye magoti mabovu wapande hilo. Mi nilipanda kwa miguu kupitia msituni na nashauri hivyo hivyo kwa mwenye nguvu. Ngome iko kama mita 410 juu ya usawa wa bahari, kwa mtu wa Kilimanjaro hicho ni kilima kidogo mno, lakini njia imesimama wima sehemu nyingine na majani yaliyolowa yanateleza, kwa hiyo viatu vyenye meno siyo anasa. Njiani nilikutana na mzee mmoja na fimbo yake, akasimama akanisalimia, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, Kilimanjaro. Akasema yeye anapanda njia hii tangu mtoto, na alifanya kazi kiwanda cha magari hapo chini enzi za Ujerumani Mashariki, yale magari yaliyoitwa Wartburg, waliacha kuyatengeneza 1991. Aliongea taratibu ili nimwelewe, alafu akanielekeza nisikimbilie juu, nipite kwanza Elisabethplan.

Nilimsikiliza, na hapo ndo siku yangu ilipobadilika.

Elisabethplan ni kiwanja kidogo chini kidogo ya ngome. Ukiwa na haraka ni rahisi kupapita. Hapo ndipo Elisabeth alipoanzisha hospitali mwaka 1226. Huyu alikuwa binti wa mfalme wa Hungaria, aliletwa Thüringen akiwa na miaka 4 tu ili aje aolewe na mtoto wa mtawala. Mwaka huo wa 1226 kulikuwa na njaa kali, mumewe hayupo, yeye akafungua maghala ya chakula akawagawia watu, akajenga hospitali chini ya ngome na akawa anashuka mwenyewe kuwahudumia wagonjwa. Mwaka uliofuata mumewe akafa akiwa njiani kwenda vita vya msalaba, yeye akaishia Marburg, akajenga hospitali nyingine, akafa mwaka 1231 ana miaka 24. Mi nina miaka hiyohiyo. Na nafanya kazi ya kugeuza wagonjwa, kuwasafisha, kuwalisha, kazi ambayo siku nyingine nikirudi chumbani nalia kwa uchovu na kwa maneno ya ndugu za wagonjwa. Nilikaa pale kwenye jiwe nikanywa chai yangu nikamfikiria huyo dada akipandisha na kushusha kile kilima na maji na mikate. Sisi Walutheri hatuna mazoea ya kuwataja watakatifu, kwa hiyo sikuwahi kufundishwa habari zake hata kidogo, na nilijisikia kuna ndugu niliyefichwa.

Kuingia uani ni bure, unalipia kuingia ndani kwenye vyumba na makumbusho. Mwanafunzi uliza punguzo, usione aibu, na kitambulisho uwe nacho mkononi. Jengo kuu la zamani, wanaliita Palas, nililitembea na kundi na mama mmoja anayeongoza wageni, kwa Kijerumani. Ukiwa peke yako kundi la watu usiowajua halikubani, unaweza kusimama karibu kabisa na muongozaji na kuuliza maswali yako yote. Nilimuuliza swali moja karibu kila chumba, hiki ni cha lini?

Na hilo swali ndo ninalomshauri kila mtu aende nalo kwenye majengo ya kale, kwa sababu majibu yalinishangaza. Mawe ya Palas ni ya karne ya 12 kweli, nguzo zile zenye vichwa vya kuchongwa ni za kale kweli. Lakini ngome ilichakaa sana, na karne ya 19 mtawala wa Weimar, Carl Alexander, akaamua kuifufua, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokiona ukiwa mbali, ule mnara mkubwa wenye msalaba, na michoro ya kutani iliyochorwa 1854 na 1855, ni kazi ya enzi hizo. Ukumbi wa sherehe wa juu, dari lake la mbao lilitengenezwa kufuata ushauri wa mwanamuziki Franz Liszt ili sauti isikike vizuri, na mfalme Ludwig wa Bavaria akaupenda mpaka akauiga kwenye ngome yake ya Neuschwanstein. Ni mzuri mno ule ukumbi. Ila ni ndoto ya watu wa miaka ya 1800 kuhusu babu zao, na ukilijua hilo unautazama kwa macho mengine.

Chumba cha Elisabeth ndo kilinigusa vibaya. Unaingia macho yanaumia, kuta na dari zote ni vipande vidogovidogo vya kioo, dhahabu, bluu, vinang'aa, vinaonyesha maisha yake. Watu wote kwenye kundi wakasema ooh. Nikauliza, hiki ni cha lini? Akasema 1902 mpaka 1906, kwa amri ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Nikasimama. Miaka hiyo. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi huko kwetu Kilimanjaro, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, mti upo, na kichwa chake inasemekana kililetwa huku Ujerumani na ukoo wake unakitafuta mpaka leo. Vita vya Maji Maji vilianza 1905, kusini watu wakachomewa mashamba na maghala mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi. Na wakati uleule, Kaisari yuleyule, alikuwa anampambia kwa dhahabu mwanamke anayekumbukwa kwa kufungua maghala wakati wa njaa. Sikusema kitu mbele ya kundi. Tulipotoka nilimwambia yule mama muongozaji pembeni, kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hajawahi kuiwaza hiyo miaka kwa pamoja, akaandika jina la Meli kwenye kikaratasi. Nilimshukuru kwa hilo.

Baada ya hapo kundi linaachiwa, unapita makumbusho mwenyewe, kisha unapita njia nyembamba ya mbao juu ya ukuta, na mwisho wake ndo chumba cha Luther.

Nimekaa pale muda mrefu. Makundi yalikuja yakapiga picha yakaondoka, yakaja mengine. Ni chumba kidogo, kuta za mbao, mbao zenyewe zimechongwachongwa majina ya watu waliopita karne na karne. Kuna jiko la vigae la kupashia joto, kiti, meza, na chini ya meza pingili kubwa la uti wa mgongo wa nyangumi ambalo inasemekana lilikuwa la kuwekea miguu. Meza siyo yake. Ile ya mwanzo wageni waliikata kipande kipande wakaenda navyo nyumbani kama kumbukumbu mpaka ikaisha, hii wameweka ya zama zilezile.

Na lile doa la wino, wapendwa. Sote tulifundishwa, shetani alikuja kumsumbua Luther akamtupia kidau cha wino, doa likabaki ukutani. Hakuna doa. Hadithi yenyewe imeanza baada yake, na zamani watunzaji walikuwa wanapaka doa upya likififia kwa sababu wageni wanalibandua plasta waende nalo. Sasa hivi pale ukutani kuna sehemu imekwanguliwa tu. Nilitegemea nitaumia kulikosa, maana nilipokuwa mdogo nililiwaza sana hilo doa, lakini haikuwa hivyo, kwa sababu nilichokisoma kuhusu maisha yake halisi mle ndani ni kikubwa zaidi.

Alifika tarehe 4 Mei 1521 usiku, baada ya watu wa mtawala wake, Friedrich, kujifanya wanamteka msituni ili adui wasijue yuko wapi. Akafuga nywele na ndevu, akavaa upanga, akaitwa kwa jina la uongo, Junker Jörg. Karibu miezi kumi. Barua zake alikuwa anaandika kwamba zimetoka kwenye nchi ya ndege, kwa sababu alichokuwa anakisikia dirishani ni ndege tu. Tumbo lilimtesa vibaya, anaeleza wazi kwenye barua jinsi choo kilivyomkatalia siku nyingi, mambo ambayo mi kama muuguzi nayaelewa kabisa, mtu amefungiwa, hatembei, anakula vyakula vizito vya ngomeni asivyovizoea, na ana hofu.

Na kuna kisa cha sungura, hiki nimekipenda kuliko vyote. Agosti ile walimtoa kidogo kwenda kuwinda ili achangamke. Akaona sungura mdogo bado mzima, akamficha kwenye mkono wa joho lake ili amwokoe. Akaliweka joho chini akasogea pembeni. Mbwa wakamnusa, wakauma kupitia nguo, wakamvunja mguu, wakamnyonga. Aliandika mwenyewe akasema ndivyo Papa na shetani wanavyoziharibu hata roho ambazo ameshaziokoa. Unamwona mtu mpweke aliyetaka kuokoa kitu kimoja kidogo siku hiyo na akashindwa. Desemba akaanza kutafsiri kutoka Kigiriki, na ndani ya wiki kama 11 akamaliza rasimu ya Agano Jipya lote. Machi 1522 akarudi Wittenberg, Septemba likachapwa, Desemba likabidi lichapwe tena. Nilikaa nikitazama lile dirisha nikawaza yote haya, kazi ngumu ndani ya upweke ambao hakuuchagua. Mi upweke wa huku ugenini naujua, baridi ya Januari, chumba kimoja, mlo wa mtu mmoja. Nilipata nguvu pale, sisemi zaidi.

Ningeishia hapo ningerudi na furaha tupu. Lakini nilikuwa na muda, nikashuka mjini nikaingia Lutherhaus, nyumba ya makumbusho ya Luther, na huko nikasoma habari ambayo bado naitafakari. Tarehe 6 Mei 1939, viongozi wa makanisa 11 ya Kiinjili ya majimbo walikusanyika Wartburg, juu kulekule nilikotoka, wakazindua taasisi ya kuondoa kile walichokiita ushawishi wa Kiyahudi kwenye maisha ya kanisa. Ofisi ikawa Eisenach. Mwaka uliofuata wakatoa Agano Jipya lao, wamelikata, wamefuta yanayomwonyesha Yesu kuwa ni Myahudi. Wachungaji hawa, maprofesa wa theolojia. Kanisa letu. Na walikuwa na pa kuegemea, maana Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika kitabu kibaya sana dhidi ya Wayahudi, akataka masinagogi yao yachomwe. Mimi nimepita madarasa yote ya kanisa na nimeimba kila Sikukuu ya Matengenezo ule wimbo wake wa Mungu kuwa ngome yetu, na hilo sikuwahi kulisikia.

Nilitoka nje nikatafuta pa kukaa. Nilikuwa na hasira, siyo ya kuacha imani, hapana, hasira ya mtu aliyeambiwa nusu. Palepale Luther alipofanya kazi ya kumpa mtu wa kawaida Agano Jipya lote kwa lugha yake, wengine wakaja baadaye kulikata. Mwaka 2019 makanisa yamesimamisha mnara wa kumbukumbu Eisenach wa kukiri kwamba walipotea, na hilo nalo nalihesabu.

Kama ningeenda na kundi tungekuwa tumeshakula soseji za Thüringen tukaondoka saa nane mchana. Sisemi vibaya kuhusu soseji, nilinunua moja stesheni na mkate wake na haradali, ni tamu kweli. Nasema tu kwamba ukipanga kwenda, jipe siku nzima, anza Elisabethplan, panda juu, alafu Lutherhaus iwe ya mwisho ukiwa bado na akili, maana inahitaji kusomwa. Angalia saa za kufunga kabla hujaondoka nyumbani, majira ya baridi wanafunga mapema.

Nikiwa kwenye treni nilimpigia mama. Mama ni mwalimu wa shule ya Jumapili usharikani kwetu miaka yote. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umefika salama? Alafu moja kwa moja, doa umeliona? Nikamwambia halipo mama, na halikuwahi kuwa la kweli. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza sasa watoto niwaambie nini, nikamsimulia sungura, akacheka, alafu akasema hicho watakipenda. Nikamwambia na ya 1939. Hapo akaniuliza maswali mengi kweli, nani, wangapi, walifanywa nini baada ya vita, mengine sikuwa na majibu. Mwisho akasema Desemba ukija likizo ongea na vijana wa kipaimara, mimi nitamwomba mchungaji nafasi, ila uje umejiandaa. Ndo ninachofanya sasa hivi nikitoka zamu, natafsiri maelezo niliyoyanakili pale Lutherhaus kwenda Kiswahili, na kama kuna mtu anajua kitabu au makala ya Kiswahili iliyoeleza habari za taasisi ile, naomba aniambie, nisianze mwenyewe kazi ambayo mwingine ameshaifanya.